Hakuna Wimbo Usio na Mwenyewe

Hivi majuzi nilialikwa harusini mjini Singida, katika ukumbi ulio karibu na Ziwa Singidani. Chakula kilikuwa kimekwisha kuliwa, wazee tumeshiba pilau na kuku, na kijana wa muziki akaona atukumbuke na sisi kwa kupiga wimbo mmoja wa zamani. Ulikuwa "Jambo Bwana". Watoto wakakimbilia katikati ya ukumbi. Akina mama wakaanza kupiga makofi. Lakini kijana mmoja mwalimu aliyeketi karibu nami akakunja uso, akasema, "Mzee wangu, huu nao ni wimbo? Huu ni wimbo wa watalii. Kiswahili chake cha hotelini, na hata mtungaji hana."

Nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale niliyafahamu vizuri mno. Yalikuwa maneno yangu mimi mwenyewe. Niliyasema darasani mwaka 1984, mbele ya watoto walionitazama kama kamusi inayotembea, na kwa miaka mingi baadaye sikuyatubu. Leo nataka kuyajibu. Namjibu kijana yule, na kwa kumjibu yeye namjibu pia mwalimu yule wa 1984, ambaye kosa lake lilimgharimu mtu mwingine kuliko lilivyomgharimu mwenyewe.

Nianze na lililo jepesi. Wimbo huo unaye mtungaji, tena anajulikana kwa jina. Ni Teddy Kalanda Harrison, mtu wa Pwani ya Kenya, mmoja wa ndugu waliounda bendi ya Them Mushrooms. Walianza kupiga muziki mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, kabla ya kuchukua hilo jina jingine la Kiingereza lenye maana ya uyoga. Riziki yao ya miaka ile waliipata katika hoteli za ufukweni, wakiwapigia muziki wageni kutoka Ulaya. Kalanda akawa anawaona wageni wale wanavyohangaika na salamu zetu. Wanajifunza maneno mawili matatu asubuhi, jioni wanayajaribu kwa mhudumu, na wakijibiwa wanafurahi kama watoto. Akayachukua maneno hayo machache, akayapanga yawe mazungumzo mafupi: mgeni anasalimiwa, anaulizwa hali yake, anakaribishwa, anatolewa hofu. Akayatia sauti ambayo mtu akiisikia mara moja haimtoki tena.

Hiyo ilikuwa mwaka 1980. Santuri ikatoka mwaka 1982, na kufikia mwaka 1987 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 200,000. Bendi hiyo ilikuwa na nyimbo nyingine zilizopendwa na wenyeji, kama "Embe Dodo" na "Nyambura", lakini huu ndio uliovuka bahari ndani ya masanduku ya watalii.

Huku kwetu Singida haukuja ndani ya sanduku la mtalii. Watalii hawakuwa wakija Singida, na hata leo wengi hupita tu. Isitoshe, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mtu hakuweza kuvuka Namanga kihalali na santuri mkononi. Lakini redio haiombi pasi. Wimbo ulitufikia hewani usiku, kwa mawimbi ya Sauti ya Kenya, ukija na kupotea kama mtu anayeongea akiwa ndani ya upepo.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipousikia. Ilikuwa mwaka 1983, kijijini kwetu kaskazini ya mji wa Singida, upande wa Ilongero. Jirani yetu alikuwa na redio, na betri zake zilikuwa zimekwisha nguvu, kwa hiyo mchana kutwa alizianika juani juu ya bati ili usiku zimpe hata saa moja. Wenye umri wangu wanaikumbuka kazi hiyo. Siku ile nilikuwa nimepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, nikarudi na nusu mche. Sukari tulikuwa tumesahau sura yake. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini umaskini wake ulikuwa bado unakaa nasi nyumba moja. Ndipo katika redio ile akatokea mtu anaimba kwa furaha kwamba hakuna matata.

Nilikasirika kweli. Nilimwambia jirani, "Huyu anaimba akiwa nchi gani?" Jirani akacheka, akaongeza sauti.

Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja akauimba wimbo ule darasani wakati nikiingia. Nikauchukua kama mfano wa somo. Nikawaambia watoto kwamba hicho si Kiswahili bali ni makombo ya Kiswahili. Kwamba mwenye lugha hasemi "jambo" akanyamaza, husema "hujambo" na "hamjambo". Kwamba wimbo kama huo hautungwi na mtu, unaokotwa tu katika njia za hotelini. Watoto wakacheka. Nami nikajiona nimeilinda lugha ya taifa.

Sasa tuyapime maneno hayo moja moja, bila kumwonea haya aliyeyasema.

Kwanza, kuhusu Kiswahili chake. Matata ni neno letu. Limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni jamaa wa utata, wa kutatiza, wa tatizo. Na ukisema hakuna matata umesema sentensi kamili ambayo mtahini hawezi kuikata kwa wino mwekundu. Ni kweli kwamba sisi wa bara hatuisemi sana. Tunasema hakuna shida, au hamna taabu, na vijana wana ya kwao inayobadilika kila baada ya miaka miwili. Lakini kutosema jambo mimi hakulifanyi liwe kosa. Kama neno lisilosemwa Singida si Kiswahili, basi nusu ya mashairi ya Mombasa na Lamu tuyachome moto.

Na hilo "jambo" la kusalimia? Ni kweli limefupishwa. Lakini lugha zote hufupisha salamu, kwa sababu salamu hutumika kuliko maneno mengine yote, na chombo kinachotumika sana hulika. Hata sisi tunapokutana njiani asubuhi, ni nani anayekamilisha sentensi? Mtu anasema "Habari?", na habari ya nini hasemi.

Pili, kuhusu kuwapigia magoti wageni. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu iliniuma hata mimi. Wanasema wimbo unamwita mgeni "bwana", na neno hilo lina harufu ya ukoloni. Lina harufu hiyo, sikatai. Baba zetu walilazimishwa kulitamka na kofia mkononi. Lakini lisikilize linavyoishi leo. Tuna bwana harusi, tuna bwana shamba, na marafiki wawili wakibishana utasikia, "Acha bwana!" Neno hilo sisi tulikwisha kulitwaa tukalifanya la kwetu. Kwa nini Kalanda peke yake anyimwe ruhusa hiyo?

Wanasema pia kwamba wimbo unadanganya. Ulitoka mwaka 1982, na mwaka huohuo, tarehe 1 Agosti, sehemu ya wanajeshi wa anga wa Kenya walijaribu kuipindua serikali, watu wakafa, na jiji la Nairobi likaporwa. Matata yalikuwapo, tena makubwa. Hili ni kweli. Lakini tangu lini salamu ikawa taarifa ya polisi? Mwanamke wa kwetu mwenye njaa ya siku mbili, ukimsalimia atakujibu kwamba hajambo. Hadanganyi. Anakupa heshima ya kutokutupia mzigo wake mlangoni. Baadaye, ukikaa, ukinywa maji, ndipo atakueleza ya moyoni. Wimbo ule ni mlangoni tu. Anayetaka habari za ndani na aingie, akae.

Kwa hiyo mashtaka mawili ya kwanza yanaanguka. Linabaki la tatu, kwamba wimbo hauna mwenyewe, na hapo ndipo ninapotaka tugombane hasa. Hili si kosa la kutojua tu. Ni kosa lenye faida kwa watu fulani.

Tazama wimbo ule ulivyokwenda. Mwaka 1983 kundi la Boney M., lililoundwa Ujerumani Magharibi na Frank Farian, lilitoa santuri yake ya "Jambo". Halikuwa jambo geni kwao; mwaka 1981 walikuwa wamekwisha kuitoa "Malaika", wimbo ambao Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao Adam Salim na Grant Charo nao wametajwa kuwa watungaji wake, ugomvi ambao haujaisha vizuri mpaka leo. Kisha mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ikatoa filamu ya katuni ya The Lion King. Humo mwana wa simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, ngiri anaitwa Pumbaa, na kuna wimbo uitwao "Hakuna Matata". Wimbo huo ni mwingine kabisa, si wa Kalanda. Ulitungwa na Elton John na Tim Rice. Lakini maneno yale mawili dunia ilikuwa imekwisha kuyazoea, na santuri ya Mombasa ilikuwa imefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo miaka 12 kabla.

Mwaka huohuo wa 1994 Disney iliomba nchini Marekani maneno hayo yaandikishwe kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kupinga, na maelfu ya watu wakalitia sahihi. Kelele zilikuwa kubwa hapa Afrika Mashariki. Tuseme haki: alama ile haimzuii mtu yeyote kusema hakuna matata wala kuyaimba. Inahusu biashara ya nguo kwa jina hilo. Waliosema kwamba tumeibiwa lugha walitia chumvi. Lugha haiwezi kufungiwa kabatini.

Lakini mimi kelele zile zilinichekesha kwa uchungu. Wengi wa waliopiga kelele mwaka 2018 ni walewale ambao jana yake walikuwa wakisema maneno hayo si Kiswahili, ni ya watalii. Kitu mlichokitupa jalalani, mtu akikiokota akakiosha akakipigia mhuri, mnamlilia nini? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tuligeuza methali hiyo. Mcheza kwetu tulimcheka, tukangoja atunzwe na wageni, kisha tukalalamika kwamba wageni wamemchukua.

Ndani ya filamu ileile kuna kisa kizito zaidi. Kuna wimbo mwingine humo, wa simba aliyelala msituni. Asili yake ni "Mbube", wimbo uliotungwa na Mzulu Solomon Linda na kurekodiwa Afrika Kusini mwaka 1939. Linda aliuuza kwa malipo ambayo husemwa yalikuwa shilingi kumi. Wamarekani wakaupokea, wakaugeuza, ukawatajirisha watu wengi. Yeye akafa maskini mwaka 1962. Watoto wake walikwenda mahakamani mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia mapatano ya kulipwa. Jina moja lililoandikwa mahali pake lilitosha kuirudisha haki, ingawa imechelewa zaidi ya miaka 40 baada ya mwenyewe kuzikwa. Bila jina lile, watoto wangesimama mahakamani na nini?

Wenzetu huko hawana mchezo na jambo hili. Katika miaka ya mwisho ya 1980 mwanafunzi wetu mmoja aliyetoka likizo Dar es Salaam alikuja na kaseti ya bendi ya Europe ya Sweden, vijana wa kiume wenye nywele ndefu kuliko za dada zao, na wimbo wao wa mwaka 1986, "The Final Countdown", ukipuliza kinanda kama tarumbeta za mfalme. Niliona ni kelele. Hata huko kwao wapo walioucheka kwa miaka mingi. Lakini wacheke wasicheke, kila mtu anajua kwamba mtungaji ni Joey Tempest, na kila unapopigwa jina hilo lipo kwenye vitabu vya hesabu. Mtu anaweza kuudharau wimbo bila kumfuta mtungaji. Sisi tunafanya yote mawili kwa pigo moja.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa, "Mzee, huo ni ubinafsi wa Kizungu. Kwetu Afrika wimbo ni wa wote." Maneno haya nimeyasikia kwenye semina, na mara nyingi anayeyasema analipwa posho ya kuyasema. Nayajibu kwa mila za Singida, si za Ulaya.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hakai nao wote zizini mwake. Huwagawa kwa jamaa na marafiki wawatunze. Anayetunza hunywa maziwa. Samadi humwaga shambani kwake. Akitunza vizuri, huenda siku moja akapewa ndama kuwa shukrani. Mtoto wa nyumba ile anaweza kukua akinywa maziwa ya ng'ombe yule mpaka akaota ndevu. Lakini muulize ng'ombe ni wa nani. Atakutajia mwenyewe kwa jina, na jina la baba yake, na mwaka aliletwa. Hakuna Mnyaturu mwenye akili atakayesimama mbele ya wazee aseme, "Kwa kuwa sote tumekunywa maziwa, basi ng'ombe hana mwenyewe." Angepigwa faini kabla hajamaliza kusema.

Hiyo ndiyo sheria yetu ya asili, na ndiyo ninayoitaka kwa nyimbo. Maziwa tunywe wote. Tuimbe harusini, shuleni, kwenye basi la Dodoma. Ila ng'ombe ajulikane ni wa nani.

Sasa nieleze deni langu.

Nilikuwa na mjomba, ndugu wa mama yangu, mpiga zeze. Alitunga wimbo wa kupuria mtama, juu ya mtu aliyeazima jembe kwa jirani asilirudishe, na kila msimu akija na kisingizio kipya. Watu walikuwa wakipura usiku wa mbalamwezi huku wakicheka mpaka fimbo zinakosea mtama. Tulijua wote ni wimbo wa nani, kwa sababu tulijua hata mwenye jembe.

Mwaka 1987 alikuja mtu kutoka mjini na chombo cha kurekodia. Alikuwa mpole, mwenye adabu. Akamrekodi mjomba mchana mzima chini ya mti, akaacha kilo mbili za sukari, ambazo wakati ule hazikuwa kitu kidogo. Miaka miwili baadaye kaseti ikawa inauzwa stendi ya mabasi. Wimbo wa jembe ulikuwamo, sauti ni ya mjomba, zeze ni la mjomba, kikohozi chake kipo palepale kabla ya ubeti wa pili. Kwenye karatasi ya kaseti palikuwa na picha ya ngoma na maneno matatu tu: "Nyimbo za Asili".

Mjomba alitembea kutoka kijijini mpaka kwangu, saa tatu kwa miguu, kaseti mfukoni. Redio ya kuipigia hakuwa nayo. Akasema, "Mpwa wangu, wewe umesoma. Niandikie barua kwa wale watu. Sitaki mengi. Nataka waandike kwamba ni mimi."

Nami nilicheka. Nilicheka kwa upendo, lakini nilicheka. Nikamwambia, "Mjomba, hawa wameandika ni nyimbo za asili. Wimbo wa kupuria mtama nani atakuandikia jina?"

Akaitazama ile karatasi, ingawa hakujua kusoma, akaniuliza, "Huyo Asili ni nani? Alikuwapo siku tunapura?"

Sikuandika barua. Nilisema nitaandika baada ya mitihani, kisha baada ya kilimo, kisha tukaacha kuizungumza. Mjomba alifariki mwaka 1996. Mwenye kaseti sina ugomvi naye mkubwa. Huenda hata yeye aliamini alichokiandika, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni. Na aliyefundisha hivyo shuleni ni mtu kama mimi. Darasa langu la mwaka 1984 na karatasi ya kaseti ya mwaka 1989 viliandikwa na mkono mmoja.

Ndiyo maana nasema neno "wa asili", likitumiwa kwa wimbo ambao mtungaji wake yu hai au anakumbukwa, si sifa. Ni kifuniko. Linamfunika mtu mmoja mwenye jina, mwenye kikohozi chake, ili aonekane ni kabila zima linaimba. Na kabila zima halidai malipo, wala haliombi barua. "Jambo Bwana" umeponea chupuchupu, kwa kuwa Kalanda na ndugu zake walikuwa na santuri yenye jina lao. Hata hivyo mpaka leo wako wengi wanaouimba wakidhani ni wimbo wa jadi uliozaliwa peke yake. Kijana wa harusini ni msomi, na ni mmoja wao. Ikiwa aliyeuza santuri 200,000 anafutwa hivi, mpiga zeze wa Ilongero atapona kwa nini?

Serikali imefanya sehemu yake, tusiikane. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za watunzi mwaka uleule wa 1994. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA ikaanza mwaka 2001. Leo mtunzi anaweza kuisajili kazi yake. Lakini sheria ni kama josho la ng'ombe: lipo, dawa imo, ila ng'ombe hajipeleki. Na sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye majirani zake wenyewe wanaapa kwamba hayupo.

Kazi inayobaki ni yetu, na si ya gharama. Wewe mwalimu, unapowafundisha watoto wimbo, andika ubaoni jina la aliyeutunga kabla ya kuandika maneno yake. Kama humjui, waulize wazee mpaka umjue, na ukimkosa andika mahali ulipousikia na uliyemsikia akiuimba. Wewe kiongozi wa kwaya, fanya hivyo kwa kila wimbo wa kanisani kwako. Wewe kijana unayerekodi bibi yako kwa simu na kumtupa hewani dunia nzima imwone, mtaje bibi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wimbo ni mali hata kama haujawahi kuuzwa.

Mimi nimeanza, nimechelewa. Nina daftari kubwa la shule, na kila niendako Iramba, Mkalama, Manyoni au Ikungi nauliza na kuandika. Ukurasa wa kwanza ni wa mjomba. Nimeandika jina lake na la baba yake, mwaka ule wa kurekodiwa, na habari za jembe. Ubeti wa kwanza nimeuandika, na wa pili, baada ya kile kikohozi. Ubeti wa tatu umenipotea. Kaseti yangu ilikatika siku nyingi, na wale waliopura nasi usiku ule wengi wao hawapo.

Kijana wa harusini nitampelekea nakala ya kitabu hiki, ndilo jibu langu kwake. Na wewe msomaji, kama unatoka upande wa Ilongero na nyumbani kwenu yuko mzee anayeukumbuka ule ubeti wa tatu, tafadhali nitafute. Nimeuachia nafasi.